Kutu ya kompresa huletwa na maji, na isiyotumia oili haikusalimika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nijibu kauli ambayo wauzaji wa kompresa, yaani mashine za kushindilia hewa, hapa pwani wameirudia hadi wateja wameishika kama kanuni, nayo ni kwamba mashine isiyotumia oili haihitaji huduma yoyote, na kwamba mnunuzi akishaepukana na kazi ya kubadilisha oili basi ameepukana na matatizo yote. Mimi ni fundi wa mitambo hapa Tanga. Mashine ninazoletewa hutoka kwa mafundi pancha, wapiga rangi za magari, maseremala na kliniki za meno, na mara nyingi nikizifungua nakuta mota ni nzima, pistoni ni nzima, lakini tangi limeliwa na kutu kutoka ndani kiasi kwamba hakuna cha kutengeneza. Kati ya aina mbili zilizopo, inayotumia oili na isiyotumia, ile isiyotumia oili ndiyo ambayo tangi lake linahitaji kuangaliwa zaidi, kinyume kabisa na wanavyoambiwa wanunuzi.

Kutu inahitaji chuma, maji na oksijeni. Chuma kipo, oksijeni imo ndani ya hewa, na maji hakuna anayeyamimina. Yanaingia yenyewe kama mvuke usioonekana. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba mvuke hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hapa Tanga, kama ilivyo Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, unyevu wa hewa kufika asilimia 80 ni jambo la kawaida, kwa hiyo kila mita ya ujazo inayovutwa na mashine huingia na gramu 24 hivi. Kompresa inapoishindilia hewa hiyo hadi geji isome bar 8, ambazo ni kama PSI 116, juu ya bar 1 ya hewa ya kawaida iliyotuzunguka, mita 9 za ujazo hugeuka kuwa mita 1 tu. Ndani ya mita hiyo moja sasa mna gramu 216 za maji, ilhali hewa ikishapoa na kurudi nyuzi 30 haina uwezo wa kushika zaidi ya zile gramu 30 za mwanzo, kwa sababu kinachoamua kiasi cha mvuke ni joto pamoja na nafasi iliyopo, si presha. Gramu 186 zinazobaki hukamuliwa kama maji ya nguo iliyoloa, zikatiririka hadi chini ya tangi.

Tuchukue mashine ya kawaida ya gereji inayotoa lita 300 za hewa kwa dakika. Ikifanya kazi saa moja mfululizo katika hali hiyo ya hewa, itavuta mita 18 za ujazo na kuacha ndani yake zaidi ya theluthi moja ya lita ya maji. Mpiga rangi anayeiwasha kutwa nzima hukusanya maji ya kujaza chupa, na asipofungua koki ya chini ya tangi yanakaa humo humo mpaka kesho, yanaongezewa mengine, na mwisho tangi lililonunuliwa kwa ajili ya kuhifadhi upepo, yaani hewa iliyoshindiliwa, linakuwa limejaa maji nusu. Wapo wanaolalamika kwamba kompresa yao siku hizi inajaa haraka na kuisha haraka, wakadhani kichwa, yaani sehemu inayoshindilia hewa, kimechoka, kumbe nafasi ya upepo imechukuliwa na maji.

Maji hayo si maji ya kawaida. Hewa ya kaboni iliyomo ndani ya upepo huyeyuka humo na kuyapa ukali wa asidi, na karibu na bahari chembe za chumvi zinazopeperushwa na upepo nazo huvutwa ndani kupitia filta. Zaidi ya hayo, upepo ukiwa umeshindiliwa mara 9, oksijeni inayosukumana kuingia ndani ya maji nayo ni mara 9 ya ile ya nje, na kwa hiyo sehemu iliyoloa ndani ya tangi hushika kutu kwa kasi ambayo mtu aliyezoea kuona geti lake likichakaa pole pole hawezi kuikisia. Kutu hii haili chuma kwa usawa. Huchimba vishimo, hasa kwenye mstari ambapo maji yanaishia, pembeni ya mishono ya kulehemu, na kuzunguka koki yenyewe, ndiyo maana tangi linaweza kuonekana zuri kwa nje, rangi yake ikingʼaa, huku sehemu moja ya chini imebaki na unene wa karatasi.

Kompresa ya pistoni inayotumia oili hurusha kiasi kidogo cha oili kupita kwenye ringi za pistoni, nayo husafiri pamoja na upepo hadi kwenye tangi na kupaka kuta zake utando mwembamba. Utando huo ni kero kwa mpiga rangi, kwa kuwa humletea madoa kwenye bodi la gari, lakini kwa chuma cha tangi ni kinga ya aina fulani, ingawa si kinga ya kutegemea. Mashine isiyotumia oili, ambayo ringi zake hutengenezwa kwa Tefloni, plastiki yenye kuteleza, iliyochanganywa na vitu vingine ili zijiteleze zenyewe, haina cha kupaka. Upepo wake ni msafi, na maji yake yanaangukia kwenye chuma kitupu. Mwenye kliniki ya meno anayechagua mashine ya namna hii anafanya uamuzi sahihi, kwa sababu haiwezekani kupuliza oili kinywani mwa mgonjwa, lakini anapaswa kuuliza swali la pili kabla ya kulipa: tangi limepakwa rangi maalumu ya kinga kwa ndani, na je, kuna kikausha hewa kati ya kichwa na tangi? Bila hivyo, vumbi la kutu litapita kwenye mabomba na kufika kwenye beringi ndogo sana za kifaa cha kutobolea meno, kifaa ambacho bei yake huumiza.

Hapa nitaongeza jambo linalowachanganya hata watu wa ununuzi katika taasisi kubwa. Kiwango cha kimataifa cha usafi wa upepo, ISO 8573-1, hupima mambo matatu kila moja kivyake, yaani chembe, maji na oili. Mashine inayosifiwa kuwa ya daraja 0 kwa sababu haina oili imesifiwa kwa jambo moja tu kati ya hayo matatu. Kuhusu maji haijasema lolote.

Nisije nikaeleweka kwamba nazipendelea mashine za oili. Hizo zina ugonjwa wao, nao ni maji kuingia ndani ya oili. Fundi pancha huwasha kompresa dakika chache, akajaza matairi mawili, akazima ili kuokoa umeme, na baada ya nusu saa akawasha tena. Kwa mwendo huo kichwa hakipati joto la kutosha kuufukuza mvuke uliopenya hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya pistoni, hivyo mvuke unageuka maji, maji yanachanganyika na oili, na ukitazama kwenye kile kioo cha kukagulia unaona kitu cheupe kama maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi wala haikingi. Krenki, beringi na kuta za silinda zinaanza kushika kutu wakati mashine imelala, kisha asubuhi ile kutu inasagwa na kuzungushwa humo humo. Dawa yake haina gharama. Mara moja kwa wiki iachwe ifanye kazi nusu saa mfululizo huku koki ya tangi imelegezwa kidogo ili isifikie presha ya kuzima, ipate moto sawasawa, na mvuke utatoka. Oili ambayo tayari imekuwa nyeupe imwagwe, isisubiriwe.

Wengi pia hujaza oili ya injini, na wengine, naandika hili kwa masikitiko, hujaza ile iliyokwisha kutolewa kwenye gari la mteja. Oili ya injini ina sabuni ndani yake, kwa kuwa kazi yake huko ilikotoka ni kuushikilia uchafu uelee mpaka siku ya kumwagwa, na sabuni hiyo hiyo huyashikilia maji yasijitenge. Isitoshe, huacha masizi magumu kwenye vali za kichwa. Oili ya kompresa ya pistoni ni ya aina nyingine, na kwa joto la huku kwetu watengenezaji wengi hutaka ya uzito wa ISO VG 100. Bei yake iko juu kidogo, na mashine ndogo hutumia kiasi kisichozidi lita moja au mbili, kwa hiyo sioni hoja ya kubania. Kompresa za skrubu za viwandani nazo hupatwa na tatizo lile lile zikiwa kubwa kupita mahitaji, maana hazipati kazi ya kutosha kupandisha oili yake hadi kwenye nyuzi 80 na zaidi zinakotakiwa kuwa, lakini viwanda vina wahandisi wao na sitaki kuwafundisha kazi.

Narudi kwenye koki ya chini ya tangi, kwa kuwa ndiyo sababu hasa ya barua hii. Kufunguliwa kila siku jioni si pendekezo la watu waangalifu kupita kiasi; ndiyo huduma ya kwanza ya mashine, mbele ya filta na mbele ya oili. Utaratibu wake ni kuzima umeme, kuutumia upepo mpaka geji ishuke karibu na bar 1 au 2, kisha kufungua koki taratibu, bila kuweka uso wala mkono mbele yake, ili presha iliyobaki iyasukume maji yote nje. Baada ya hapo koki iachwe wazi usiku kucha, tangi lipumue na likauke. Mashine inatakiwa ikae imeinama kidogo kuelekea upande wa koki. Nimekuta nyingi zimewekewa tofali upande usiofaa, maji yakakusanyika kwenye kona ambayo koki haifiki, na mwenye mali akaapa kwamba alikuwa akiyatoa kila siku, naye hakuwa anasema uongo.

Maji yenyewe hutoa habari. Yakiwa maangavu na safi, tangi bado liko vizuri. Yakitoka ya kahawia, kutu imeshaanza kazi, na yakitoka na vipande vyembamba kama maganda, tangi lipelekwe kupimwa. Yakiwa na oili nyingi juu yake, ringi za kichwa zimelegea. Haya ya mwisho yasimwagwe mtaroni wala kwenye mchanga wa uwanjani. Yakusanywe kwenye dumu pamoja na oili chafu nyingine.

Mahali inapowekwa mashine pana uzito kuliko tunavyodhani. Katika miji yetu gereji na sehemu ya kuoshea magari hukaa ua mmoja, na kompresa, kwa sababu ya kelele, husukumwa nyuma kabisa, ambako aghalabu ndiko maji ya kuoshea yanakorushwa. Kwa hiyo inavuta hewa iliyojaa manyunyu tangu asubuhi, juu ya unyevu ambao tayari upo. Kuihamisha mita chache upande wa upepo mkavu, kuiinua juu ya mpira ili miguu yake isisimame kwenye maji, na kuifunika kwa paa linaloruhusu hewa kupita, kunafanya kazi kubwa kuliko rangi yoyote ya kuzuia kutu. Mashine isifunikwe kwa turubai la plastiki wakati bado ina moto, maana jasho litabaki chini ya turubai na kuila kutoka nje.

Kwa mwenye uwezo, bomba la shaba lenye mapezi kati ya kichwa na tangi, likifuatiwa na kitenganishi cha maji, huufanya upepo upoe na kuangusha sehemu kubwa ya maji kabla hayajaliona tangi. Kikausha hewa kinachofungwa baada ya tangi, ambacho ndicho kinachouzwa zaidi, huwafaa walioko mbele yake, yaani bunduki ya kupulizia rangi na vifaa vingine, lakini tangi lililoko nyuma yake halipati faida yoyote. Nataja hili kwa sababu wapo waliotumia fedha nyingi kununua kikausha hewa, wakaacha kutoa maji kwenye tangi kwa kuamini kwamba tatizo limekwisha.

Mashine itakayolala muda mrefu, kwa mfano ya mradi uliosimama, haitakiwi kuachwa ilivyo siku ya mwisho ya kazi. Ile ya oili ibadilishwe oili kabla ya kulazwa na si baada ya kuamshwa, kwa kuwa oili ya zamani ina asidi na maji yatakayokaa juu ya beringi muda wote huo, na puli yake izungushwe kwa mkono mara kwa mara ili silinda ipakwe upya. Ile isiyotumia oili itolewe maji, ikaushwe kwa kuzungushwa bila mzigo koki ikiwa wazi, kisha mdomo wa kuvutia hewa uzibwe. Asije mtu akaimiminia oili kwenye silinda kwa nia ya kuikinga. Oili ikikutana na vumbi la ringi za Tefloni hugeuka kuwa tope linalokwangua silinda, na mashine iliyokuwa na miaka mingi mbele yake inakufa kwa wema wa mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu hatari, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike kwako, Mhariri, badala ya kuwaeleza wateja wangu peke yao. Presha ya bar 8 ni kama kilo 8 kwa kila sentimita moja ya mraba. Mfuniko wa mwisho wa tangi lenye upana wa sentimita 40 unasukumwa kwa nguvu ya takriban tani 10, saa zote mashine inapokuwa imejaa, na kinachouzuia ni bati la milimita chache tu. Kutu ikishapunguza bati hilo, mwanzo wake mara nyingi huwa ni tundu dogo kama la sindano linalopuliza chini ya tangi. Wengi huliona tundu hilo kuwa tatizo, na kwa hakika ni bahati, kwa sababu ni tangi kusema limekwisha kabla halijapasuka kwa mkupuo.

Tunachofanya katika gereji zetu ni kumwita fundi wa kulehemu aweke kiraka. Kiraka hicho hushikizwa kwenye chuma ambacho nacho pia kimeliwa, moto wa kulehemu hukifanya kiwe dhaifu zaidi pembeni ya mshono, na majaribio hufanywa kwa kujaza upepo na kupaka povu la sabuni huku watu wameinama kuangalia. Sijui namna ya kuliandika hili kwa upole. Tangi la presha haliwekewi kiraka mtaani. Likihitaji kujaribiwa hujazwa maji mpaka juu na kusukumwa kwa presha inayozidi ile ya kazi, kwa kuwa maji hayashindiliki, na likishindwa hulia na kuvuja tu pasipo kuruka.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tunayo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wanao wakaguzi wa mitambo ya presha. Ukaguzi huo unafika viwandani. Kwa fundi pancha aliye kando ya barabara, ambaye amekaa kutwa kwenye benchi hatua mbili kutoka kwenye tangi kuukuu, haujafika kwa namna anayoitambua, wala yeye hajui kwamba tangi lake ni chombo kinachohusika. Ninaomba mambo mawili tu. La kwanza, muuzaji wa kompresa, mpya au ya mtumba, alazimike kutoa ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili kuhusu kutoa maji na kukagua tangi, na asiruhusiwe kuuza mashine ambayo kibao chake kinachoonyesha presha ya juu na mwaka wa kutengenezwa kimepakwa rangi au kungʼolewa. La pili, upimaji wa unene wa tangi kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti, kazi isiyochukua muda mrefu wala kuhitaji tangi kufunguliwa, uwekwe karibu na watu kupitia vyuo vya ufundi vya VETA na ofisi za mikoani za SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa ada ambayo mwenye gereji ndogo anaweza kuilipa bila kuahirisha kula.

Na kwa wenye matangi yaliyokwisha kukataliwa, ombi langu ni kwamba yasiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu yakiwa mazima. Yatobolewe matundu makubwa mawili kwa drili, au yakatwe katikati, upepo ukiwa umetolewa wote na koki ikiwa wazi, kwa sababu nimeshaletewa tangi lililotupwa na mtu mmoja likiwa limepakwa rangi mpya ya bluu na kufungwa juu yake kichwa kingine, mwenye nalo akitaka nimwekee geji.

Wako,
Fundi wa mitambo,
Tanga.